Sayansi kwa Wanaotaka Kufanya Egzameni ya Jeshi



Katika darasa la mwisho kuna ndugu wanne wanaotaka kujaribu egzameni ya kuingia shule ya maofisa ya Kananga. Kila mangaribi, kiisha kula, tunaketi pamoja na kuulizana maswali ya sayansi. Mimi siendi jeshini, lakini kama mkubwa wa wanafunzi ni mimi ninayeshika taa na kalamu nyekundu. Nimeona wanajua majibu mengi kwa kichwa. Nimeona vilevile ya kuwa swali likigeuzwa kidogo tu, wote wananyamaza.

Maji yanachemka kwa digrii ngapi? Wote kwa sauti moja: 100! Kesho yake tuliomba termometa kwa mwalimu wa fizike, tukaweka sufuria juu ya makaa. Maji yakachemka sana, lakini termometa ikasimama kwenye 97 na kidogo. Mmoja akasema chombo kimeharibika. Hapana! Ile 100 ni ya kando ya bahari. Ziwa letu Tanganyika liko karibu metre 770 juu ya usawa wa bahari. Hapa hewa inakandamiza maji kidogo kuliko kule pwani, basi yanachemka mbele ya kufika 100. Ukipanda milimani yanachemka mapema zaidi, na hata ukiongeza kuni hayapati joto kupita pale. Ndiyo sababu maharagwe huko yanachelewa kuiva, na askari asiyejua atalala na njaa. (Wanaoogopa kipindupindu wasihangaike: 97 inaua vijidudu vyake vizuri. Shida ni wale wasiochemsha kabisa.)

Basi soma swali mpaka mwisho. Likisema "kwenye usawa wa bahari", andika 100. Likisema "mlimani", fikiri.

Juu ya nini msumari unazama na meli ya chuma inaelea? Mmoja alijibu: sababu ya motere. Basi motere ikizimika tunakufa wote? Metre kibe moja ya maji ni kilo 1000, ya chuma ni karibu 7900. Lakini meli ina tumbo lenye hewa. Inasukuma kando maji mengi, na maji nayo yanaisukuma juu kwa nguvu sawa na uzito wa yale yaliyosukumwa. Mfano tunao ziwani. Meli Graf von Götzen ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na Kigoma ili adui asiichukue. Chuma ni kilekile, umbo ni lilelile. Maji tu yaliingia mahali pa hewa. Ikatolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikasafiri tena kwa jina la Liemba.

La mwisho ni radi. Mwanga unafika mara moja, sauti inatembea karibu metre 340 kwa sekunde. Ukiona mwanga juu ya ziwa, hesabu: kila sekunde 3 ni karibu kilometre moja. Mzinga ni vilevile.

Swali la juma hili: askari anaona mwanga wa mzinga, sekunde 7 kiisha anasikia mlio. Mzinga uko mbali metre ngapi? Leteni majibu kwangu mbele ya Ijumaa. Usiandike hesabu tu, andika na sababu.