Somo la Usalama Barabarani: Tulisome Tairi Kabla ya Kulinunua



Katika ukaguzi wa teksi za abiria ziendazo Masaka na Gulu, mara nyingi dereva hutuonyesha matairi yake kwa fahari: meusi, yanang'aa, kashata zake zimesimama. Tukiinama kusoma ubavuni, tunakuta tairi lina umri wa zaidi ya miaka 10. Dereva hakukusudia ubaya. Alidanganywa na rangi. Somo la leo basi ni hili: tairi halipimwi kwa kutazamwa tu, husomwa.

1. Umri wake
Tafuta ubavuni herufi DOT. Tarakimu 4 za mwisho wa mfululizo huo hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Huenda zimeandikwa upande mmoja tu, hivyo mwombe muuzaji aligeuze tairi kabla ya kulifunga. Mpira hukakamaa na kupasuka kwa jua, joto na hewa, hata kama tairi limekaa dukani bila kutumika. Baadhi ya watengenezaji wa magari hushauri libadilishwe likifikisha miaka 6.

2. Mzigo linaoweza kubeba
Tuchukue mfano wa 195/65R15 91V. Upana ni milimita 195. Kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo. Rimu ni ya inchi 15. Namba 91 ni ya uzito, nayo humaanisha kilo 615 kwa tairi moja, yaani kilo 2,460 kwa manne. Teksi yenye abiria 14 na mizigo yao huupita uzito huo. Tairi la gari dogo laweza kuingia katika rimu ya inchi 15 ya teksi, lakini kuingia si kufaa. Namba 107 hubeba kilo 975.

3. Kashata
Katikati ya mifereji mna vinundu vidogo vya mpira. Kashata zikilingana navyo, zimebaki milimita 1.6 tu, na tairi limekwisha. Jihadhari na tairi kipara lililochongwa mifereji mipya kwa kisu cha moto: kisu hicho hukata mpira uliosalia kuzilinda nyuzi za ndani.

4. Kulifunga na kulitunza
Matairi mawili ya ekseli moja yawe ya kipimo na aina moja. Rimu iliyopasuka au kuchomelewa isikubaliwe. Nati zikazwe kwa kukingamana, si kwa kufuatana, kisha zikaguliwe tena baada ya mwendo wa kilomita 100 hivi. Upepo upimwe asubuhi, tairi likiwa baridi, kwa kufuata kibandiko kilichopo kwenye mlango wa dereva. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kila linapozunguka, hupata joto, na hatimaye hupasuka.

Likipasuka safarini, shika usukani kwa nguvu, ondoa mguu kwenye mafuta, wala usikanyage breki ghafla.

Neno letu la mwisho ni kwa wamiliki. Dereva huleta hesabu kila jioni, bali ninyi ndio mnaotoa fedha za matairi. Msimlazimishe kuchagua kati ya kazi yake na roho za watu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta huu hujengwa kwa machozi ya jamaa za watu wengine.

Zoezi: Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha gari, andika tarakimu 4 za kila tairi, likiwemo la akiba. Usipozielewa, zilete kwenye kituo cha polisi kilicho karibu nawe, kwa askari wa usalama barabarani. Tutazisoma pamoja.