Nani anakupakulia wewe?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 38, naishi Mbagala. Kliniki ya presha waliniambia niache maandazi ya saa nne, nile karanga au korosho kidogo. Nilifurahi kwa sababu nazipenda. Shida yangu, nikianza sijui kuacha. Nusu kilo ya korosho haimalizi siku tatu. Nazila usiku nikiosha vyombo, watu wameshalala. Mume wangu alipoanza kunitania nikazihamishia kabati la nguo, chini ya khanga. Wiki iliyopita amezikuta, akanicheka mbele ya shemeji. Si kwamba mimi ni mlafi, Shangazi. Hata chakula cha usiku napakulia wote kwanza, mimi nakula baadaye kama kimebaki. Uzito unapanda. Je, nihamie karanga? Na nile ngapi kwa siku?*
*Mama wa Watatu, Mbagala*

Marahaba mwanangu.

Barua yako ilikuwa kurasa tatu, nimeikata. Habari za bei ya korosho na jirani anayekukopesha tutaziongea siku nyingine.

Ulichouliza kina jibu fupi. Kipimo cha siku ni kama gramu 30, yaani korosho 18 hadi 20 hivi. Zina kalori kama 160. Nusu kilo kwa siku tatu ni zaidi ya kalori 900 kila siku, karibu nusu ya mahitaji ya mwanamke mzima, na unazila usiku. Kuhamia karanga hakukuokoi, kwa sababu mafuta yake ni yale yale au yanazidi kidogo. Mafuta hayo ni mazuri kwa moyo, na kliniki yako haikukosea, lakini uzuri wake hauondoi kalori. Siku uliyopika kisamvu cha karanga, hesabu kwamba karanga zako umeshakula. Na mtu wa presha anunue zisizo na chumvi. Hizo za barabarani zilizokaangwa na chumvi waachie wengine.

Sasa tuje kwenye barua yenyewe. Najua wasomaji wangu wengi wameshaikamata ile khanga. Mimi nimekwama kwenye sentensi uliyoipitia mbiombio, ile ya kujitetea: “mimi nakula baadaye kama kimebaki.”

Na kisipobaki?

Umeandika kurasa tatu bila kusema. Ngoja nikusemee. Kisipobaki, unakwangua ukoko, unakunywa chai kavu, halafu saa nne na nusu usiku uko kwenye karo na mkono mmoja una povu, mwingine uko kwenye mfuko wa korosho. Wewe huna ugonjwa wa korosho, mwanangu. Una njaa. Umeshinda na kikombe cha chai na “kujitahidi”, umelisha watu watano, yaani mume, shemeji na watoto watatu, na korosho ndiyo chakula cha kwanza siku nzima ambacho hakuna mtu amekiomba. Mwili wenye njaa ya kutwa hauhesabu hadi 20.

Hapa nitakuwa mkali, na sio kwako peke yako. Sijawahi kukubaliana na desturi ya mpishi kula mwisho akiwa amesimama, eti ndiyo malezi mema. Nimeisikia ikisifiwa kwenye kitchen party, kwenye misiba, hata na wanawake wenzangu wenye digrii. Mama anasifiwa kwa kukosa! Kupika sio adhabu. Aliyesimama mbele ya jiko kwa saa mbili ana haki ya kiti na sahani yenye mboga na nyama kama ya wenzake, wakati chakula kikiwa cha moto. Kama sufuria haitoshi watu sita, basi wote sita wapungukiwe kidogo. Kwa nini upungufu wote uishie kwenye sahani moja, tena ya mgonjwa wa presha?

Mumeo amecheka korosho, hajauliza ulikula nini usiku ule. Hilo ni kosa lake. Lakini na wewe hujamwambia, na hilo ni lako. Umechagua kuficha mfuko badala ya kusema “leo sijala.” Shemeji naye ni mtu mzima mwenye mikono miwili, mwiko anauweza. Na kama kati ya hao watatu kuna binti, jua kwamba anakuangalia. Ameshajifunza kwako kwamba mwanamke hana sahani.

Kwa hiyo usinunue korosho nyingine kabla hujapanga chakula chako. Asubuhi kula kitu cha maana, hata kiwe kiazi kitamu na yai. Mchana kula. Usiku pakua sahani sita kwa mkupuo mmoja, keti, kula nao. Maji yawe mezani tayari ili usiinuke.

Korosho zako zipe saa kumi jioni. Chukua kile kikombe kidogo cha kahawa kisicho na mkono, wanachotumia wauza kahawa wa mtaani. Kinabeba takriban kipimo chako. Kijaze mara moja, funga mfuko, urudishe kabatini jikoni, sio chini ya nguo. Kisha kaa. Simu iweke mbali. Tia moja mdomoni, itafune mpaka utamu wake utoke, ndipo ufuate nyingine. Shibe huchelewa kufika kichwani, na anayekula kwa viganja humaliza mfuko kabla haijafika. Ukipenda karanga, nunua zenye maganda uzichemshe. Kumenya kunakupunguzia kasi, na rundo la maganda mbele yako halidanganyi.

Karanga iliyosinyaa, chungu au yenye ukungu tupa, usiipeleke kikaangoni ukidhani moto utaisafisha. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiishi kwa kukaangwa. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi, na karanga nayo inaipata.

Fanya hivi mwezi mzima. Ukiona unakula vizuri mchana na usiku na bado mkono hauachi mfuko, mweleze daktari kliniki bila haya, maana hapo kutakuwa na jambo jingine na lina matibabu.

Usiku wa leo mwambie mumeo ulichoniandikia mimi, sentensi ile ile moja inatosha. Na dawa za presha endelea kumeza kama ulivyoandikiwa. Korosho hazichukui nafasi yake.