Kompyuta ya Mpiga Mbizi na Daftari Lake

Mhariri wa gazeti letu ameniandikia akitaka niwaeleze wanafunzi kazi ninayoifanya tangu nilipotoka skuli. Nami sikuona jambo la kuwafaa kuliko chombo kidogo ninachokivaa mkononi kila siku, nacho ni kompyuta ya mpiga mbizi. Ukiitazama kwa mbali utadhani ni saa ya kawaida iliyonenepa. Lakini haikufanywa kwa ajili ya kutazamia saa, bali kwa ajili ya hesabu, na hesabu yenyewe haipiti zile mnazofundishwa katika darasa la Fizikia.

Kazi yangu ni kuwaongoza wapiga mbizi upande wa magharibi wa kisiwa chetu cha Pemba, tokea Ras Kigomasha mpaka milango ya Njao na Fundo, na mara nyingine tunafika Misali. Kila avuaye upande huo ajua kuwa mwamba hushuka ghafula kama ukuta wa nyumba, na mbele yake ni Mkondo wa Pemba ambao kina chake ni mamia ya mita. Mahali kama hapo mtu hawezi kusema, "Nitashuka mpaka nikanyage chini," kwa kuwa hapana chini ya kukanyaga. Sharti ajue yu kina gani, amekaa muda gani, na amebakiwa na muda gani.

Huenda mzee mmoja akauliza: mbona sisi tulipiga mbizi miaka yote, tukatoa pweza na makome, na hatukuvaa kitu mkononi? Swali hilo ni la haki. Mtu anayeshuka kwa pumzi moja huchukua hewa ya kifua kimoja tu, akapanda nayo. Lakini anayebeba mtungi mgongoni huvuta hewa mpya kila pumzi, na hewa hiyo humjia kwa mkandamizo ule ule wa maji yaliyomzunguka. Mkandamizo huo, ambao vitabu vya sayansi huuita kanieneo, ni angahewa 1 juu ya maji, nao huongezeka kwa angahewa 1 kila ukishuka kiasi cha mita 10 baharini. Basi katika mita 20 ni angahewa 3, na katika mita 30 ni angahewa 4.

Hewa tunayoivuta ina naitrojeni karibu 79 kwa mia. Oksijeni mwili huitumia, lakini naitrojeni hauna kazi nayo. Huingia katika damu, katika nyama na mafuta, ikakaa humo mpaka mkandamizo upungue. Ukipungua polepole, naitrojeni hutoka kwa mapafu bila ya madhara. Ukipungua kwa haraka, hutoa mapovu humo humo mwilini, kama soda iliyofunguliwa kizibo. Mapovu hayo huleta maumivu ya viungo, ganzi, na hata kupooza. Wavuvi wa kamba wa Kimiskito, huko Honduras, wengi wao wamekuwa vilema wakiwa vijana kwa kutumia mitungi bila ya kipimo. Nalitaja jambo hili kwa sababu majongoo ya pwani yana bei, na bei humshawishi mtu.

Aliyeanza kuipigia hesabu mambo haya kwa utaratibu ni mtaalamu wa Kiskoti, John Scott Haldane, aliyetoa majedwali yake mwaka 1908 baada ya kuwajaribu mbuzi katika chumba cha chuma. Yeye alitambua kuwa mwili haujai wote kwa pamoja. Chukua chupa, mtungi na pipa, uvitumbukize vyote ndani ya maji. Kila kimoja kitajaa kwa muda wake kwa kadiri ya mdomo wake na tumbo lake. Ndivyo mwili ulivyo. Haldane aliugawa katika mafungu matano, la kwanza hufika nusu kwa dakika 5, la pili kwa dakika 10, kisha 20, 40 na 75. Neno "nusu" hapa lataka kuangaliwa vizuri. Fungu la dakika 20 likikaa kinani dakika 20 hupata nusu ya kile linachoweza kukipata; likikaa dakika 20 nyingine hupata nusu ya kilichobaki, yaani jumla yake robo tatu, na hivyo hivyo huendelea.

Na tutie tarakimu. Juu ya maji naitrojeni iliyo mwilini ina mkandamizo wa 0.79. Ukishuka mita 20, naitrojeni ya hewa unayoivuta ni 0.79 mara 3, yaani 2.37. Tofauti ni 1.58. Baada ya dakika 40, fungu la dakika 20 limeongeza robo tatu ya tofauti hiyo, kiasi cha 1.19. Fungu la dakika 120 kwa muda ule ule limeongeza kiasi cha 0.33 tu. Sasa panda juu, ukae mashuani saa moja ukinywa chai. Fungu la dakika 20 limepita nusu tatu, kwa hivyo limebakiwa na sehemu ya nane ya ziada yake, kama 0.15. Lakini fungu la dakika 120 limepita nusu ya nusu-muda wake tu, nalo bado lina kama 0.23. Mmeona ajabu hiyo? Lililochukua kidogo ndilo lililobakiwa na kingi. Ndiyo maana mtu hawezi kuupima mwili wake kwa kujisikia. Anajiona mzima, amepumzika, na kumbe fungu moja bado limebeba mzigo wa asubuhi.

Zamani hesabu hii ilifanywa kabla kwa majedwali ya karatasi. Jedwali la jeshi la maji la Marekani la miaka ya 1950 lilimruhusu mtu kukaa dakika 60 katika futi 60 na kupanda bila ya kusimama njiani, na dakika 25 katika futi 100. Futi 60 ni pima 10 za wavuvi wetu, kwa hivyo ni rahisi kukumbuka. Lakini jedwali humhesabu mtu kama kwamba alikaa muda wote mahali pa chini kabisa. Mwaka 1983 ilitoka Marekani kompyuta iliyoitwa Edge, na mwaka huo huo daktari Albert Bühlmann wa Zürich alitoa kitabu chake. Na hesabu zake za mafungu 16, ambayo la polepole kabisa lina nusu ya dakika 635, ndizo zilizomo katika kompyuta nyingi za leo. Kompyuta hupima kina kila baada ya sekunde chache, ikayapigia hesabu mafungu yote, na kukwambia dakika zilizokubakia.

Walakini ijulikane kuwa chombo hiki kina akili ya mambo mawili tu, mkandamizo na wakati. Hakijui kama umelala vizuri, hakijui umri wako, wala kama ulikunywa maji. Tena hakijui uliyovuta ni hewa gani ila kwa namna ulivyokiambia. Ukikiambia kuwa mtungi una oksijeni 32 kwa mia na kumbe umetia hewa ya kawaida, kitakupa dakika nyingi kuliko haki yako. Na mzigo wa naitrojeni kilichouhesabu ni wa mtu aliyekivaa, kwa hivyo haifai kuazimana mchana chombo kilichovaliwa asubuhi na mwengine.

Sasa nije kwenye daftari. Kompyuta huandika kila safari: kina, muda, baridi ya maji, na saa ya kushuka na kupanda. Kumbukumbu yake si kubwa, na ikijaa safari za kale hufutwa, kwa hivyo kila jioni tunazihamisha katika kompyuta ya mezani. Programu tunayoitumia kituoni petu ni Subsurface, ambayo haiuzwi. Ilianzishwa mwaka 2011 na Linus Torvalds, yule yule aliyeanzisha Linux, kwa kuwa yeye mwenyewe ni mpiga mbizi na hakupata programu ya kumridhisha.

Jioni moja kijana mmoja wa Wete, anayejifunza kazi kwetu, alikuja na kompyuta yake. Alikuwa amepiga mbizi mara mbili siku ile, na kesho yake saa mbili asubuhi alikuwa apande ndege Chake Chake kwenda Dar es Salaam kwa mtihani wa kazi. Yapasa mjue kuwa ndege ikipanda juu mkandamizo hupungua tena, na naitrojeni iliyobaki yaweza kutoa mapovu. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kungoja saa 18 baada ya mbizi zaidi ya moja.

Programu kwanza ilikataa kabisa, ikisema haioni chombo. Hapo wengi hushika kuzima na kuwasha, au kuilaumu programu. Mimi huanza kwenye waya. Waya nyingine za simu hupeleka umeme tu wala hazipitishi habari, nazo kwa macho ni sawasawa. Waya ulikuwa mzuri. Nikaangalia vidoti vya chuma nyuma ya chombo. Vilikuwa na ukungu mweupe wa chumvi. Nikaviosha kwa maji baridi ya kunywa, nikavikausha kwa kitambaa, na programu ikaona chombo mara moja. Lau isingeona, ningetazama betri, kwa kuwa ikiwa dhaifu baadhi ya vyombo hukataa kutoa habari. Kisha ningeuliza kama simu ya mwenyewe haijakishika chombo kwa Bluetooth, maana kikishikwa na mmoja hakimjibu wa pili. Jambo moja kwa wakati mmoja, ndiyo njia. Ukibadilisha matatu kwa pamoja hutajua lipi lililoponya.

Safari mbili zikaonekana. Ya kwanza ilianza 3:30, na ya pili ilimalizika 9:00. Vijana waliokuwapo wakatazama wakaridhika, maana kweli walishuka saa tatu na nusu wakapanda saa tisa alasiri. Mkuu wa kituo, ambaye ni mgeni kutoka Ulaya, naye akatazama akaridhika. Akahesabu tokea 9:00 mpaka 8:00 ya kesho, akapata saa 23. "Aende," akasema.

Karatasi ile moja ilisomwa kwa namna mbili, na kila msomaji aliona kuwa iko sawa! Mimi nilikuwa bado nimeshika chombo chenyewe. Kwenye kioo chake palikuwa na picha ya ndege na tarakimu 21, yaani saa zilizobaki katika 24 ambazo chombo kile hukataza kuruka. Wakati ule ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Saa hizo za kungoja chombo huzihesabu kwa muda uliopita tangu mtu apande, hakitazami saa ya ukutani. Kama kijana alipanda 9:00 asubuhi zingalibaki 15. Tofauti ya 21 na 15 ni 6, na kwa Mswahili tofauti ya sita katika mambo ya saa yatosha kuwa jibu.

Nikamwuliza kama betri ilibadilishwa. "Ndiyo, kaka, leo asubuhi, na saa nikaitia mwenyewe." Ilikuwa saa mbili asubuhi, akatia 2:00, badala ya 8:00. Tukafungua safari za mwenziwe aliyeshuka naye. Mchoro wa kina ulikuwa ule ule, mteremko kwa mteremko, ila kwake ilimalizika 15:00. Tokea 15:00 mpaka 8:00 ni saa 17. Hazikutimia 18.

Kijana akanyong'onyea. "Kaka, nikikosa ndege nimekosa mtihani." Mkuu wa kituo hakubishana na hesabu. Kwa bahati siku ya pili ilikuwa siku ya boti Mkoani, na boti haipandi angani. Akaenda kwa boti, akafika Dar es Salaam jioni, na mtihani ulikuwa siku ya tatu.

Daftari nalo lilitaka kutengenezwa. Nilifanya nakala kwanza, kisha nikazichagua safari zile mbili na kuziongezea saa 6, kwa kuwa programu ina njia ya kusogeza saa bila ya kugusa kina wala muda. Nikaandika pembeni kuwa saa zimesahihishwa, na nani aliyesahihisha, na kwa sababu gani. Sikuzifuta ili zipakuliwe upya, kwa kuwa zingerudi na kosa lile lile. Saa ya chombo chenyewe tuliisahihisha kijana aliporudi, mwili wake ukiwa umeshatoka naitrojeni yote, maana baadhi ya vyombo havikubali kuguswa saa kabla ya hapo.

Kanuni ya kugeuza ni nyepesi: saa za mchana ongeza 6, saa za usiku ongeza 18, na ikipita 24 toa 24. Saa saba mchana ni 13:00, saa mbili usiku ni 20:00, na saa tisa usiku ni 27 utoe 24, yaani 3:00.

Hapa nawaachia hesabu mbili, na majibu mpelekeeni mwalimu wa Fizikia. Kompyuta iliyotiwa saa za Kiswahili yaonyesha kuwa mtu alipanda 11:20, na ndege yake ni 7:30 asubuhi ya kesho yake. Je, amengoja muda gani kwa kweli? Na ya pili: fungu la dakika 40 limekaa katika mita 30 kwa dakika 40, kisha juu ya maji kwa dakika 80, limebakiwa na ziada gani?