Mbona vipimo viwili havilingani?

Swali: Hadubini ya elektroni inasema chembe zangu za dhahabu zina nanomita 20, mashine ya leza inasema 35. Ipi ni kweli?

Jibu: Zote mbili, kwa kiasi. Leza hufuatilia jinsi mwanga unavyometameta chembe zikitangatanga majini. Ndogo huenda mbio, kubwa hujikokota, na mwendo huo ndio hutupatia kipenyo, pamoja na koti la maji na molekuli lililozizunguka. Hadubini huona dhahabu tupu, iliyokauka.

Hata hivyo, 35 inanitia shaka. Chembe yenye kipenyo mara 10 hutawanya mwanga mara milioni 1, hivyo vumbi kidogo tu, au chembe chache zilizoshikamana, huvuruga wastani wote. Chuja sampuli kwa kichujio cha maikromita 0.2, izimue, kisha upime tena.