Kambale dume na kambale jike

Katika maji ya bonde la Ruzizi, karibu na Katogota, hukaa kambale. Hana magamba, ana ndevu nane mdomoni. Ukimtazama mgongoni, dume na jike ni sawasawa.

Mgeuze, tumbo liwe juu. Nyuma ya tundu la haja, dume mzima ana kinyama kirefu chenye ncha. Jike hana ncha hiyo. Utaona tundu la mviringo. Mvua zikianza, tumbo la jike huvimba na kuwa laini: limejaa mayai.

Mvuvi mwenye akili humrudisha jike huyo majini. Akimla leo, amekula na samaki wa kesho.

Maswali
1. Kambale ana ndevu ngapi?
2. Dume hutambulikanaje?
3. Kwa nini jike mwenye mayai hurudishwa majini?