SOMO LA MADENI: MWANACHAMA ALIYESHINDWA KULIPA NA NJIA YA UFILISI

Makusudi ya somo

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Methali hiyo ni ya kweli, lakini haisemi afanye nini mtu asiye na cha kulipia. Katika vyama vya msingi vya Mpanda, Nsimbo, Mlele na Mishamo swali hilo hurudi kila msimu wa tumbaku unapofungwa. Katibu hufungua daftari na kukuta majina ambayo mauzo yao hayakufikia thamani ya mbolea waliyokopeshwa. Miongoni mwa wenye majina hayo wapo wanaokuja ofisini kusema ukweli. Wapo pia wanaouza marobota kwa jina la jirani, na wapo wanaohama usiku na kuwaachia wake na watoto aibu ya mlangoni.

Yafaa ieleweke kwamba sheria ya nchi haimlazimishi mdaiwa mwaminifu kutoroka. Imemwekea milango kadhaa, na mmoja wapo ni ufilisi, yaani kwenda mwenyewe mahakamani kutangaza kwamba hana uwezo wa kulipa madeni yake. Mlango huo uko wazi hata kwa asiye na wakili. Lakini ni mlango mzito, na kabla ya kuupita hapana budi mwanachama ajue kilichoko upande wa pili. Somo hili limeandikwa ili makatibu waweze kulieleza jambo hili katika mikutano bila kupotosha.

1. Ufilisi ni nini

Sheria inayotawala jambo hili Tanzania Bara ni Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25. Ilitungwa wakati wa ukoloni kwa kuiga sheria ya Uingereza, na ilikusudiwa hasa wafanyabiashara wa mijini. Mkulima Mwafrika hakufikiriwa sana, kwa sababu siku hizo ilikuwapo sheria nyingine iliyozuia hata kumkopesha. Leo mkulima hukopa pembejeo, hukopa katika chama cha akiba na mikopo, na hukopa benki. Kwa hiyo sheria ile inamgusa.

Mambo ya ufilisi husikilizwa na Mahakama Kuu, wala si Mahakama ya Mwanzo. Kwa miaka mingi watu wa Katavi wamehudumiwa na Mahakama Kuu kupitia masijala yake ya Sumbawanga, mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kutoka Mpanda. Kazi ya kupokea na kusimamia mali ya aliyefilisika ni ya Mpokeaji Rasmi, ambaye shughuli zake zimo katika Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, unaojulikana kwa kifupi kama RITA.

2. Hatua za mdaiwa anayejipeleka mwenyewe

Mdaiwa ana haki ya kusimama mahakamani kwa nafsi yake. Tangu mwaka 2021 sheria imeweka Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na jambo hilo limempunguzia mzigo asiyejua Kiingereza. Hatua zenyewe ni hizi:

(a) Ombi. Mdaiwa huwasilisha ombi la maandishi akieleza kwamba hawezi kulipa madeni yake. Kuwasilisha ombi hilo ni kitendo cha kufilisika mbele ya sheria. Likishapokewa, haliwezi kuondolewa bila ruhusa ya mahakama. Kwa hiyo lisipelekwe kwa hasira, wala kwa nia ya kuwatisha wanaodai.

(b) Amri ya kupokea mali. Mahakama ikitoa amri hii, mali ya mdaiwa huwa chini ya Mpokeaji Rasmi. Tangu hapo mdai wa kawaida hawezi kumfuata mdaiwa wala mali yake, au kumfungulia shauri, bila ruhusa ya mahakama. Lakini mdai aliyewekewa rehani hubaki na haki yake juu ya kitu kilichowekwa rehani.

(c) Taarifa ya hali ya mali. Hii ndiyo kazi kubwa. Mdaiwa huandika, na kuthibitisha kwa kiapo, mali yake yote, madeni yake yote, majina ya wanaomdai, mahali wanapokaa na kazi zao, pamoja na dhamana walizo nazo na tarehe walipopewa. Muda wa kuiwasilisha ni wa siku chache tu, kwa hiyo mwenye busara huiandaa kabla ya kwenda mahakamani.

(d) Mkutano wa wadai na mahojiano ya hadhara. Wadai hukutana kuamua kama watakubali mapatano, au mdaiwa atangazwe mufilisi. Mdaiwa huhojiwa mahakamani kwa kiapo juu ya mwenendo wake na mali yake.

(e) Kutangazwa mufilisi. Mapatano yakishindikana, mahakama humtangaza kuwa mufilisi. Mali yake hukabidhiwa mfilisi, huuzwa, na fedha hugawanywa kwa wadai kwa utaratibu wa sheria.

(f) Kuachiliwa. Mufilisi huomba mahakama imwachilie. Mahakama hutazama taarifa ya Mpokeaji Rasmi: je, aliweka hesabu? Je, alikopa huku akijua hawezi kulipa? Je, alipoteza mali katika kamari? Inaweza kumwachilia, kumchelewesha, kumwekea masharti au kumkatalia.

Hapa ndipo wengi hukosea. Nchini Kenya, chini ya Sheria ya Ufilisi Na. 18 ya 2015, mufilisi kwa kawaida huachiliwa baada ya miaka 3, na upo utaratibu mwepesi kwa mwenye deni dogo asiye na mali. Nchini Uingereza kwa kawaida ni mwaka 1. Chini ya Sura ya 25 ufilisi haukomi wenyewe kwa kupita miaka tu. Sharti mahakama itamke. Anayesimuliwa habari za nchi nyingine asidhani kuwa ni za kwetu.

3. Mambo ambayo ufilisi hauyafuti

Kwanza, kuachiliwa kwa mufilisi hakumwachilii mdhamini wake. Jambo hili lisomwe mara mbili katika kila mkutano. Katika vyama vingi vya tumbaku pembejeo hukopwa kwa dhamana ya kikundi. Mmoja akitangazwa mufilisi, deni halipotei hewani. Wenzake waliotia sahihi hubaki wakidaiwa. Mtu anayejiandaa kwenda mahakamani bila kuwaambia wadhamini wake anawatwika mzigo gizani.

Pili, deni lililotokana na udanganyifu au kuvunja amana halifutwi. Mjumbe wa bodi aliyekula fedha za chama asitumaini kujificha humo.

Tatu, mali iliyohamishwa kwa hila inaweza kurudishwa. Mdaiwa akiandikisha ng'ombe kwa jina la shemeji bila malipo ya haki, au akimlipa rafiki mmoja ili kumpendelea huku wengine wakiachwa, mfilisi anaweza kuidai mali hiyo. Kuficha mali ni kosa la jinai. Ni kosa pia kwa mufilisi ambaye hajaachiliwa kukopa zaidi ya kiwango kilichowekwa pasipo kumweleza anayemkopesha kwamba yeye ni mufilisi.

4. Mlango mwingine usiosahaulika

Tuchukue mfano wa kubuni. Ndugu Fulani anadaiwa na chama shilingi 3,200,000 za pembejeo, na duka la dawa za mimea shilingi 900,000, na mkopeshaji wa mjini shilingi 1,500,000. Jumla ni shilingi 5,600,000. Ana nyumba moja anamokaa na mkewe na watoto, shamba la ekari 6 ambalo ndilo riziki yake yote, majembe, ng'ombe 2 wa kulimia, baiskeli na redio. Mkopeshaji amekwisha kumshinda mahakamani na anatishia kuuza nyumba.

Je, Ndugu Fulani aende Sumbawanga kujitangaza mufilisi? Kabla ya kujibu, asome kifungu cha 48 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33. Kifungu hicho kinataja mali isiyokamatwa katika kutekeleza hukumu ya deni. Humo zimo nguo, vyombo vya kupikia na vitanda vya familia. Zana za mkulima, pamoja na mifugo na mbegu zinazohitajika ili aendelee kupata riziki. Nyumba anamokaa mdaiwa na mkewe na watoto wanaomtegemea. Na ardhi ya kilimo ya mtu ambaye maisha yake yote yanategemea ardhi hiyo. Kinga hiyo haimwokoi aliyeiweka nyumba rehani kwa hiari yake. Lakini Ndugu Fulani hakuweka rehani. Vitu vinavyoweza kukamatwa kwake ni karibu baiskeli na redio tu.

Sasa alinganishe. Orodha ya mali inayoachwa kwa mufilisi katika Sheria ya Ufilisi ni fupi zaidi: zana za kazi, nguo na matandiko yake na ya familia, hadi thamani iliyowekwa. Kwa hiyo mkulima mdogo anaweza kwenda kutafuta kinga katika ufilisi na huko akaihatarisha nyumba ambayo tayari ilikuwa na kinga. Hilo si jambo la kubahatisha.

Vilevile sheria ya madai huiruhusu mahakama kuamuru deni lilipwe kwa mafungu. Ndugu Fulani aende katika mahakama iliyotoa hukumu, aeleze kwa maandishi kipato chake kwa msimu, na aombe kulipa kila baada ya mauzo. Asikae kimya. Mdaiwa anayepuuza wito huweza kuombewa kifungo cha madai, ambacho kinaweza kufikia miezi 6, na kutoka gerezani hakufuti deni.

Kwa kifupi, ufilisi unamfaa zaidi mwenye wadai wengi wanaogombania mali yake, ambaye mali hiyo haitoshi na ambaye mapatano yameshindikana. Mwenye deni la pembejeo na shamba moja, aghalabu dawa yake ni mapatano ya mafungu.

5. Wajibu wa katibu na bodi

Mwanachama akija kusema ameshindwa, katibu amsikilize faraghani na amwonyeshe leja yake mstari kwa mstari. Mara nyingi ugomvi wa deni huwa ni ugomvi wa hesabu: mfuko wa mbolea ulioandikwa mara mbili, au makato yasiyoelezwa. Bodi iangalie masharti ya chama juu ya haki yake katika mazao na hisa za mwanachama, kisha itafute mapatano. Yakishindikana, mgogoro wa mwanachama na chama chake una njia yake ya usuluhishi chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya 2013, kupitia kwa Mrajisi, kabla ya kukimbilia mahakamani.

Chama kikipata habari kwamba mwanachama ametolewa amri ya kupokea mali, kisitume watu kuchukua mbuzi wake. Kiandike uthibitisho wa deni, kiambatishe mkataba, stakabadhi za pembejeo na nakala ya leja, na kuupeleka kwa Mpokeaji Rasmi. Chama kisicho na karatasi hukosa fungu lake hata kama kijiji kizima kinajua kuwa kinadai.

Katibu aangalie pia kuwa mali ya mke haihesabiwi kuwa ya mume. Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua kwamba kila mmoja katika ndoa anaweza kuwa na mali yake. Cherehani aliyoinunua mke kwa fedha za mboga zake si dhamana ya tumbaku ya mume.

Kwa asiye na uwezo wa kumlipa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imeweka watoa msaada waliosajiliwa na wasaidizi wa kisheria. Msaidizi wa kisheria hawezi kumwakilisha mtu mahakamani, lakini anaweza kumwelekeza. Kabla ya kujaza karatasi yoyote, mdaiwa aulize masijala ya Mahakama Kuu au RITA kuhusu fomu na ada zinazotumika wakati huo. Asizinunue kwa watu wa mitaani.

Hitimisho

Kushindwa kulipa kwa sababu ya mvua ya mawe, bani kuungua au bei kuanguka si uhalifu. Uhalifu huanza pale mtu anapoficha. Iwe mbele ya jaji, mbele ya bodi au mbele ya wadhamini wake, mdaiwa anatakiwa jambo lile lile moja: orodha kamili na ya kweli ya alichonacho na anachodaiwa. Aliyeiandika mapema hulala nyumbani kwake. Aliyekataa kuiandika huishia njiani, na deni humfuata.

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini wadhamini wa kikundi waelezwe kabla mwenzao hajapeleka ombi la ufilisi?
2. Taja mali 4 za mkulima zisizokamatwa katika kutekeleza hukumu ya kawaida ya deni. Je, zote zina kinga katika ufilisi?
3. Chama chenu kina karatasi gani leo za kuthibitisha deni la kila mwanachama? Zipi zinakosekana?
4. Kila mwanachama aandike nyumbani orodha ya mali na madeni yake. Je, orodha hiyo inamwambia nini kabla ya kukopa pembejeo za msimu ujao?