Deni la Shirika na Mwenzetu Aliyefilisika



Msimu ukikaribia, wengi wetu hukopa kwa shirika ili kuwalipa wachumaji na kununua majamvi na magunia. Basi yatupasa tujue mapema: mmoja akifilisika, deni humwangukia nani?

Tutwae mfano. Watu watatu wamekopa shilingi 6,000,000 kwa hati moja, na wote wametia sahihi. Kila mmoja hudhani anadaiwa 2,000,000 tu. Sivyo. Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo sheria ya mikataba ya Zanzibar iliifuata, yasema katika kifungu cha 43 kwamba, pasipo sharti jingine, mwenye kudai aweza kumdai yeyote kati yao deni zima.

Wa tatu akiwa muflisi asiye na kitu, hasara yake hugawanywa sawasawa kwa wawili waliobaki. Aliyelipa zote 6,000,000 atamdai mwenziwe 3,000,000, si 2,000,000. Kufilisika kwa mmoja hakuwafungui wengine. Aliyelipa na apeleke madai pamoja na stakabadhi zake kwa msimamizi wa mali ya muflisi. Kitakachopatikana kitapunguza hasara ya wote wawili.

Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi, tuulize: je, hati yataja fungu la kila mtu mbali mbali? Kama haitaji, kila mmoja ajihesabu mdaiwa wa deni zima, na apime kama shamba lake laweza kulibeba peke yake.